Chama Kilipohama na Kura Zetu

Katungu,

Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha na ya kutoonyesha simu barabarani nimekwisha kukuambia, tena mbele ya wageni, ukanikasirikia. Hapa sitayarudia. Nakuandikia jioni hii nikiwa jikoni, wewe uko chumbani unakunja nguo, kwa sababu kuna jambo ambalo nikilisema kwa mdomo utanikatiza. Na una haki ya kunikatiza, maana kila mara nimeanza kulisema nikiwa na hasira.

Kesho unapanda gari kwenda Beni, halafu ndege pale Mavivi, halafu Kinshasa, kufanya kazi katika bureau ya mbunge wetu, Honorable Théophile. Hapa Mususa kila mtu ananipongeza. Hata mwenye boutique ya ng'ambo ya barabara, ambaye hajawahi kunisalimia vizuri, leo alitoka nje kuniambia kwamba mtoto wangu amefika mbali. Nilimshukuru. Sikumwambia kwamba tangu Jumapili kuna kijana anakaa mbele ya boutique yake na pikipiki isiyo na plaque ya namba, hanunui kitu, anaangalia mlango wetu. Labda anangojea mchumba. Siku hizi mtu hawezi kujua, mji umejaa sura mpya tangu watu wa upande wa Lubero walipoanza kukimbilia hapa kwa sababu ya vita. Hata darasani ninamofundisha inalala familia nzima, na asubuhi tunatoa mikeka yao ndipo watoto waingie.

Unajua nilikuwa candidate, mgombea, kwenye liste ya Honorable, na unajua sikupita. Mengine ulikuta yamekwisha, kwa sababu ulikuwa Beni kwenye masomo, na mimi nilikusimulia kwa kifupi ili usiache mitihani. Sasa yapate yote, kabla hujakaa meza moja na huyu bwana.

Ilianza mwaka ule nchi nzima ilipopiga kura ya rais, sisi wa Beni na Butembo tukaambiwa tungoje, kwa sababu ya ugonjwa na ya vita. Ulikuwa bado unavaa bleu na nyeupe ya shule. Tulikuwa tunanawa mikono kwenye kila mlango, tunapimwa joto kwenye paji la uso, na soko lilijaa, kanisa lilijaa, magari yalijaa. Kura peke yake ndiyo iliyosemekana inaambukiza. Rais akaapishwa kabla sisi hatujagusa karatasi. Nakumbuka nilikuwa kwenye soko na Mama Mumbere, anapima unga wa mihogo, radio iko karibu naye inaeleza sherehe za kule Kinshasa. Hakuinua kichwa. Alisema tu, "Madame, mara ingine tutafute mutu yetu wenyewe. Mutu tunajua mulango ya nyumba yake."

Miaka ilipopita na uchaguzi mwingine ukakaribia, walikuja kwangu. Mama Mumbere ndiye aliyewaongoza, na wanamama wa kanisa letu pamoja na Waprotestanti wachache kutoka upande wa pili wa bonde. Walikaa hapa kwenye salon, wakanywa chai, wakasema mimi nimewafundisha watoto wao kusoma, basi niende nikaseme kwa niaba yao. Nilikataa kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nimekwisha kukubali, Katungu. Nilikuwa nimeshajiona.

Kusimama peke yangu haikuwezekana. Sheria ilitaka kila liste ifikishe kiasi fulani cha kura katika nchi nzima, siyo Butembo tu, la sivyo inafutwa yote, hata kama mji mzima umekupigia. Mtu wa Mususa atapata wapi kura za Kisangani na za Matadi? Ndiyo maana vyama vidogo vinajibandika kwa vikubwa, na vikubwa vinajibandika kwa vingine, hadi huwezi tena kujua nani yuko na nani. Wakati ule ndipo Honorable Théophile, ambaye hakuwa bado Honorable, aliponiita kwenye hôtel moja hapa mjini. Chama chake kilikuwa ndani ya muungano wa upinzani. Alikuwa amenyoa vizuri, anaongea pole pole, akanivutia kiti yeye mwenyewe.

"Madame, usiogope," akasema. "Weye utaleta banamama, mi nitaleta bavijana. Liste ni moja, famille ni moja."

"Na kama sipite?"

"Hata kama haupite, voix zako hazipotee. Zitabaki mu famille."

Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu mawili, na yalikuwa ukweli mtupu. Hakunidanganya. Ningemuuliza swali moja zaidi, kura zitabaki kwa nani, angenijibu, na ningerudi nyumbani. Lakini alikuwa amekwisha kufungua begi na kutoa mfano wa affiche, uso wangu na kitambaa cha kijani kichwani, jina langu kwa herufi kubwa. Mwalimu wa shule ya msingi hajazoea kuona jina lake mahali popote isipokuwa kwenye karatasi ya mshahara inayochelewa. Niliangalia ile picha, swali likaondoka.

Campagne ulisikia habari zake. Tulipanda vilima vyote vya Mususa kwa miguu. Kuna siku mvua ilitupiga hadi wino wa affiche ukatiririka kwenye mikono, wanamama wakacheka na kuendelea kuimba. Watu walituuliza, "Huyu bwana mwenye kutangulia kwenye liste ni nani?" Nami nilijibu, "Musihangaike na yeye, mupigie mimi." Jibu hilo ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo. Nilikuwa nawaambia wasihangaike na kitu ambacho mimi mwenyewe sikutaka kukiangalia.

Siku ya kutangaza matokeo tulikaa hapa hapa, radio katikati. Liste yetu ilipata kiti. Tukapiga vigelegele. Halafu likasomwa jina, na lilikuwa la Théophile. Kura za kila mtu wa liste zilikusanywa pamoja, na kiti kikapewa mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndani ya liste. Peke yake asingefika. Kura za wanamama ndizo zilizompandisha.

Wengi walikwenda kwao kimya. Mama Mumbere alibaki, amekalia ukingo uliovunjika wa fauteuil, kile kiti kikubwa cha salon.

"Madame, mi sikupigia ule bwana. Nilipigia weye. Voix yangu ilienda wapi?"

"Ilienda mu liste, mama."

"Liste iko mutu?"

Nilimwambia kwamba Théophile ni mtu wetu, ni wa upinzani kama sisi, atasema yale tuliyotaka yasemwe. Nilimwambia nitamfuatilia mimi mwenyewe. Alikubali. Alinikubalia kwa sababu ni mimi, mwalimu wa mtoto wake, siyo kwa sababu ya hoja yangu.

Na mwanzoni Honorable alifanya vizuri, ni lazima niseme. Alikuja kushukuru, akakaa na wanamama chini kwenye mkeka, akaahidi vitu viwili: kupigania usalama wa barabara ya kwenda Kasindi, ambako baba yako analala siku nyingine ndani ya lori kwa kuogopa kurudi, na kuomba sheria ya uchaguzi ibadilishwe, ili kura ya mtu isigeuzwe tena. Alisema hilo la pili mbele yangu, bila mtu kumshika mkono.

Miezi ilipita. Kule Kinshasa majority, upande wa serikali, ikaanza kugawana vyeo, na vile vyeo havikutosha waliokuwemo, lakini vilitosha kuwavuta waliokuwa nje. Jioni moja nilikuwa nasahihisha madaftari, radio ikasoma majina ya vyama vipya vilivyojiunga na serikali. Cha Théophile kilikuwemo. Nilidhani nimesikia vibaya. Kesho yake nilimpigia.

"Honorable, umehama?"

"Madame, mi sijahama," akasema, na sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Mi niko mu chama yangu. Ni chama njo imehama."

Wewe ulinielezea baadaye, ulipoanza kuandika mémoire yako, ile kazi ya kumaliza masomo ya sheria. Sheria yetu inasema mbunge anayekiacha chama chake anapoteza kiti. Basi hawakiachi. Chama chenyewe kinaondoka na meza na viti na kura zetu ndani yake, na hakuna aliyevunja sheria. Tulikuwa tunakula haricots, ukaniambia hata kule Inde, yaani India, nchi kubwa yenye vyama vingi kuliko sisi, waliandika sheria ya kuwazuia wanaohama, na wenyewe wakagundua kwamba wakihama wengi kwa pamoja sheria inawaachilia. Serikali zinaundwa kwa njia hiyo na zinaanguka kwa njia hiyo. "Mama, siyo sisi peke yetu," ukasema, na nikaona ulikuwa umefurahi, kama mtu aliyepata jina la ugonjwa wake. Mimi sikufurahi. Nilikuwa nafikiria Mumbere, mtoto wa Mama Mumbere.

Ulimfahamu kidogo tu. Alikuwa taximan wa pikipiki, ana mke na mtoto mchanga, alivaa kofia ya sufu hata wakati wa jua. Aliposikia chama kimehama alikuja hapa, amevua kofia ile.

"Madame, tunaenda ku bureau ya Honorable ya hapa mujini. Tunataka atuambie kwa kinywa yake. Ile tu."

"Muende pole pole," nikamwambia. "Musitupe jiwe."

"Hatuna jiwe, Madame. Tuko na mugongo ya affiches."

Walichukua zile affiches zetu za zamani, za kwangu na za Honorable, wakazigeuza nyuma na kuandika upande mweupe: Rudisha voix yetu. Niliwaona wakipita hapa mbele, pikipiki zinakwenda taratibu, wengine wanatembea kwa miguu. Nilitaka kwenda nao. Nilikwenda hadi kwenye mlango, halafu nikakumbuka nina darasa saa ileile, nikageuka kuchukua chaki. Nikiwa ubaoni nilisikia risasi. Watoto waliingia chini ya meza bila kuambiwa, wanajua. Nani alipiga, hadi leo hakuna aliyesema. Kila mwenye bunduki alisema ni mwingine.

Kilio cha Mumbere kilikaa kwao, pale juu ya bonde. Niliogopa kwenda. Nilifikiri watanifukuza, na nilifikiri wana haki. Nilipofika wanamama waliacha kuimba. Mama Mumbere alikuwa amekaa chini ameegemea ukuta. Aliniangalia muda mrefu, kisha akavuta khanga yake upande mmoja ili nipate mahali kwenye mkeka. Nilikaa. Tulikaa hivyo hadi watu walipopungua.

"Hapana lie sana, Madame," akaniambia. "Mumbere alikupenda."

"Mama, ni mimi nilileta ule mutu."

"Ndiyo. Ni weye." Hakusema kwa ukali. "Donc usimulete tena."

Nilimwambia sitamleta tena. Sikuapa. Nilisema tu.

Honorable alituma sanduku la kuzikia na watu wawili wenye suti. Yeye mwenyewe hakuja.

Sasa nifike kwako. Ulimaliza masomo, mémoire yako ikasifiwa, na ile radio ya Beni ikakualika uzungumze na vijana. Nilikusikiliza nikiwa na simu sikioni, nimefunga mlango wa darasa. Ulieleza vizuri kuliko mtu yeyote niliyemsikia: kwamba kura iende kwa mtu na ikae kwa mtu, kwamba chama kikihama kirudi kwanza kuwauliza waliokichagua, kwamba governor achaguliwe na wananchi na siyo na wachache waliofungiwa kwenye chumba. Hukumtaja Honorable. Haikuwa lazima. Butembo nzima ilijua unasema nani.

Na kabla wiki haijaisha alikupigia. Alisema tume ya kurekebisha sheria inaundwa, anahitaji juriste, mwanasheria kijana, mwenye kutoka kwao. Ulikuja mbio jikoni. Nilisema hapana, ukasema ndiyo, tukagombana hadi jirani akapunguza muziki ili asikie.

"Mama, sheria haibadilishwe na batu bako inje. Inabadilishwa na batu bako ndani."

"Nani alikuambia ile?"

Ulifunika sufuria kwanza. "Yee mwenyewe."

Baba yako alipopiga kutoka Kasindi alisema tukuache uende, kwamba mtu hawezi kumsomesha mtoto halafu akamfungia ndani na diplôme yake. Nilishindwa naye. Tena, Katungu, sehemu yangu moja ilikubaliana na nyinyi. Huenda kweli ukaingia mule ndani na kuandika hata mstari mmoja ulio sawa. Sijui. Najua tu kwamba na mimi niliambiwa habari ya kuwa ndani, nikavutiwa kiti.

Hadi leo mchana nilikuwa nimeamua kukuacha uende na moyo mweupe. Lakini Honorable amenipigia. Ulikuwa umekwenda kuaga rafiki zako. Haya ndiyo tuliyosema, sijaongeza neno.

"Madame, tuko pamoja?"

"Nakusikia, Honorable."

"Katungu anafika kesho?"

"Kama barabara iko muzuri."

"Très bien. Atakaa ku nyumba yangu kwanza, nitatuma gari ku aéroport. Sasa, ile liste ya uchaguzi wenye kukuja. Nilisema jina yako iwe ya pili. Banamama bangali banakupenda."

Hapo ndipo nilipoelewa kazi yako imetoka wapi. Nilikaa kwenye kiti. Alingoja bila kunisukuma, anajua kungoja.

"Honorable," nikasema, "hapana uandike jina yangu."

"Madame, fikiri."

"Nimefikiri. Sitakuletea tena banamama."

Nilisikia mtu mwingine karibu naye anaongea Lingala na kucheka, halafu mlango ukafungwa na kicheko kikakatika.

"Sawa," akasema. "Mais Kinshasa ni mbali, Madame. Na mutoto ni mutoto. Fikiri tena muzuri." Kisha akanitakia baraka za Mungu na kukata simu.

Nimegeuza maneno hayo kila upande tangu mchana. Yanaweza kuwa maneno ya mzee mwenye kumhurumia mtoto wa watu. Sauti ilikuwa ya huruma. Lakini alinijibu kwa sauti hiyohiyo siku chama kilipohama, na mimi sitaki kuambiwa kesho kutwa kwamba hakunidanganya.

Kwa hiyo hivi ndivyo mambo yalivyo. Nimekataa, na sitarudi nyuma, hata kwa ajili yako. Ningekubali, ungepata dawati lako na pengine usingejua kamwe bei yake, na mimi ningepanda tena vilima vya Mususa na kuwaambia watu wasihangaike. Mama Mumbere angenifungulia mlango. Hilo siwezi. Inawezekana basi ukifika Kinshasa utakuta nafasi yako imepewa mwingine. Inawezekana pia utaikuta, na kila asubuhi mtu atakuuliza habari za mama yako. Hili la pili ndilo ninaloliogopa zaidi.

Nimempigia dada yangu Kanyere, yule anayekaa Ngaliema na mume wake pasta. Hajaniuliza maswali. Amesema atakuwa aéroport, kwenye uwanja wa ndege, na nguo atakayovaa atakuandikia kwa simu. Ukienda, shuka na umtafute yeye, na gari la Honorable uliache liendelee kungoja. Kazi unaweza kuifuata kwa miguu yako kutoka nyumba ya shangazi... hapana, ya mama yako mdogo, unaona hata maneno yananiponyoka.

Na kama hutaki kwenda, sitakuuliza kwa nini, na baba yako nitamjibu mimi. Yule wa radio ya Beni bado anataka uzungumze. Sikwambii kwamba hapa ni salama. Umesikia mwenyewe milio ya juzi upande wa kusini, tukajifanya ni ngurumo.

Nilikusudia kukupa barua hii kesho, mlango wa gari ukifungwa, kama wazazi wengine wanavyofanya, ili usome njiani na kulia kidogo. Lakini ungekuwa umekwisha kupanda. Watu wameniletea mambo siku zote baada ya gari kuondoka. Nasikia bado hujafunga begi, ile zipu inakusumbua. Nakuletea sasa hivi. Isome ukiwa umekaa kitandani, halafu uje jikoni uniambie, na safari hii sitakukatiza.

Mama yako, niko hapa tu, nyuma ya mlango wa jikoni.